Vibilauri Vinane vya Nyanya

Katika somo la mofolojia tulifundishwa mapema kwamba Kiswahili hakipendi kueleza chombo bila kukipa kazi. Kisu ni cha kukatia, jiko ni la kupikia, kata ni ya kutekea maji na bilauri ni chombo cha kunywea. Mofimu ile ndogo ya kauli ya kutendea, iliyojibanza kati ya mzizi na kiishio, ndiyo inayobeba kusudi lote la kifaa. Mahali ambapo sarufi haitufai ni pale chombo kinapotufikia bila wenyewe, wala hapana mtu wa kutukamilishia kauli hiyo. Cha kunywea, naam. Lakini cha kunywea nini? Na je, kama hakikuwa cha kunywea kabisa?

Swali hili, ndugu msomaji, halikunijia darasani. Lilinijia katika kugawa mirathi.

Nyanya yangu mzaa mama alifariki dunia akiwa mkongwe, nyumbani kwake katika Mji wa Kale wa Mombasa. Vitu alivyoacha havikuwa vingi: kitanda cha samadari, masanduku mawili, sinia za shaba, dele la kahawa, mrashi, na kabati la milango ya kioo ambalo katika rafu yake ya juu mlikuwa na vibilauri vinane, kila kimoja kikitoshea katika kiganja cha mtoto. Vingine vyote viligawanywa bila maneno. Vibilauri vile ndivyo vilivyotaka kuzua ugomvi. Mjomba wangu, mwana wa pekee wa kiume, alisema kwamba hivyo havigawanywi, hivyo vinavunjwa. "Mwanangu," akaniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekishika kimoja, "hivyo ni vya mvinyo. Viweke chini." Halati, ambaye ni dada yake mkubwa, akajibu kwamba katika nyumba ile hakivunjwi kitu cha mama yao madhali yeye yu hai.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa asili ya ghadhabu ya mjomba. Marehemu babu alikuwa seremala, na katika miaka ya 1950 alifanya kazi nyingi katika nyumba za Wazungu upande wa Kizingo. Mtaani palikuwa na fununu kwamba jioni alirudi akinukia kileo. Mjomba alipokuwa mtoto, wenzake madrasani waliigeuza fununu hiyo kuwa wimbo, wakawa wanamwimbia. Kwake yeye, basi, vibilauri vile vilikuwa ushahidi uliokaa kabatini zaidi ya nusu karne, ukimtazama kila alipokwenda kumjulia mama yake hali. Kwa hiyo tulichokuwa tukikigombania hakikuwa kioo. Ilikuwa ni heshima ya maiti asiyeweza kujitetea. Nikaomba niazimwe vyote vinane kwa mwezi mmoja. Mjomba akakubali, kwa sharti kwamba nitakachokigundua nitakisema hata kama hakitampendeza mtu.

Ajuaye kusoma shairi la kale bila jina la mtunzi hana budi kuanza na maneno yenyewe kabla ya kusikiliza masimulizi yanayolizunguka. Nami nilianza hivyo. Bahati nzuri lugha yetu imekwisha kukigawa chombo katika viungo kama vya mtu: kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Kila kiungo kina lake la kusema. Mdomo ukiwa mwembamba na laini, ulikusudiwa kuguswa na midomo ya mtu. Ukiwa mnene au umepinduliwa nje, aghalabu chombo kilikuwa cha kuchotwa kwa kijiko. Mdomo wa mviringo mrefu kama yai haukusudiwi kunywewa hata kidogo. Tumbo hupimwa, na kipimo chenyewe si kigumu: nilinunua dukani bomba la sindano, nikaiacha sindano yenyewe, nikawa natia maji mililita baada ya mililita hadi yafike ukingoni. Vidogo vya dawa hujitambulisha upesi, kwani huwa vimechorwa mistari ya vipimo. Shingo ikiwa na mshono mwembamba unaoshuka pande mbili, kioo kilishindiliwa katika kalibu, ufundi ulioenea Marekani katika miaka ya 1820 kisha ukavuka hadi Uingereza. Kitako ndicho kisichojua kuficha. Kioo kilichopulizwa kwa pumzi ya fundi kilishikiliwa kwa fimbo ya chuma chini ya kitako mpaka mdomo umalizike, na fimbo ilipovunjwa iliacha kovu. Mafundi wa zamani waliliacha lilivyo, likakwaruza, ilhali wa baadaye walilisaga likawa kijishimo laini. Mikwaruzo ya matumizi nayo hutawanyika kila upande, kwa maana mkono wa mtu haukiweki chombo mezani kwa namna moja kila siku. Mikwaruzo iliyolala sambamba kama mistari ya daftari ni kazi ya muuzaji mlaghai na msasa wake.

Tatizo kubwa ni udogo wenyewe. Udogo humfanya mtazamaji aseme "mvinyo mkali" na kufunga kitabu. Waama, Ulaya ya karne ya 18 na ya 19 ilikuwa na bilauri ndogo za kila namna, na si zote zilizojua kileo. Mwaka 1674 George Ravenscroft alipewa hataza ya kutengeneza nchini Uingereza kioo kilichokuja kujulikana kwa risasi iliyotiwa ndani yake, kioo kizito, king'aavu, chenye mlio mrefu kinapogongwa kwa ukucha. Kuanzia mwaka 1746 serikali ikaanza kutoza ushuru wa kioo kwa kufuata uzito, na ushuru huo haukufutwa hadi mwaka 1845. Wapo wanaodai kwamba ushuru ndio uliozaa bilauri ndogo. Mimi naona dai hilo linarahisisha mambo kupita kiasi. Ushuru uliwafanya mafundi wapunguze unene na uzito, hilo ni kweli. Lakini vinywaji vitamu vilivyokolezwa matunda na viungo, walivyokunywa matajiri baada ya mlo, vilikuwa vikali na ghali, na bilauri yake ingekuwa ndogo hata kama hapangekuwa na mtoza ushuru duniani.

Kando ya hizo palikuwa na bilauri fupi zenye kitako kinene mno, za watu waliozoea kugonga meza kwa pamoja baada ya kutakiana heri, mshindo wake ukafananishwa na bunduki zinazofyatuliwa kwa pamoja. Palikuwa na ya msimamizi wa karamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuinua bilauri mara nyingi usiku mmoja bila kulewa: kwa nje ililingana na za wenzake, kwa ndani kioo kilijazwa hadi pakabaki nafasi ya kijiko. Palikuwa na za vitamutamu vya maziwa na mvinyo, na za faluda ya Kizungu inayotetemeka. Nacho kibilauri ninachokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wachuuzi wa aiskrimu katika mitaa ya London. Mteja alitoa peni moja, akapewa aiskrimu juu ya kikombe cha kioo kinene chenye kijishimo kifupi, akailamba papo hapo, akakirudisha. Jina lake lilikuwa kulamba kwa peni. Kioo kile kinene kilikuza machoni kile kidogo kilichokuwemo, na mchuuzi hakukiosha vizuri kabla ya kumpa mwingine. Vilishutumiwa kwa kueneza maradhi, vikaja kupigwa marufuku. Mwaka 1903 Italo Marchiony, muuzaji wa aiskrimu jijini New York, akapewa hataza ya kalibu ya kuokea vikombe vinavyoliwa pamoja na kilichomo, na mambo ya kuosha yakaisha.

Nirejee kwa vinane vyangu. Jambo la kwanza nililoliona, ambalo familia nzima haikuwahi kuliona kwa sababu vilikaa pamoja siku zote, ni kwamba havikuwa seti moja. Vitano vilikuwa ndugu: vyembamba, vyenye kikonyo kirefu, vimechorwa majani kwa gurudumu la kuchongea, kovu la kitako limesagwa, vinalia kama kengele ya mbali. Kila kimoja kilichukua mililita 25, kimoja kikizidi kwa tone mbili tatu. Viwili vilikuwa vifupi na vizito, vina mishono miwili ya kalibu, na ingawa kwa nje vilionekana vikubwa kuliko vile vitano, vilimeza mililita 18 tu. Cha nane kilikuwa na rangi ya samawati na mdomo wa yai. Nilikileta karibu na uso ili nitazame ukingo wake, nikakuta kinanikaa juu ya jicho barabara, mfupa kwa mfupa.

Kwa hivyo hukumu haikuwa ngumu. Kile cha samawati ni cha kuoshea macho. Viwili vizito ni vya kulamba aiskrimu kwa peni. Na vile vitano, mjomba alikuwa amesema kweli, ni vya mvinyo mtamu wa baada ya mlo, mabaki ya seti ya meza ya mtu mwenye uwezo, ambaye kila mgeni wake aliwekewa bilauri tofauti kwa kila kinywaji.

Hapa ndipo nilipofahamu kwa nini wahakiki wawili, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walipata wafuasi kwa makala yao ya mwaka 1946, waliposhikilia kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kuhukumia kazi yake. Katika semina zetu za uzamili hoja hiyo hujadiliwa kana kwamba inahusu vitabu tu. Ilhali pwani yetu imeijibu zamani, kwa chokaa na mawe. Katika kaburi la nguzo la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, bakuli za kaure za Kichina zilipachikwa ukutani mwa nguzo. Mfinyanzi wa Uchina alizifanya za kulia chakula. Hapana mwanakijiji wa Mambrui aliyewahi kuzitazama kwa jicho hilo. Katika nyumba za kale za Lamu, zidaka zilichongwa ukutani safu juu ya safu, zikapangwa vyombo vya kigeni. Naye Sayyida Salme, bintiye Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza namna vyumba vya Unguja vilivyopambwa kwa vioo na kaure zilizopangwa katika vishubaka vya ukutani, na namna watu walivyokuwa tayari kulipa bei yoyote kwa kitu kinachopendeza macho. Bilauri iliyoundwa ili ishikwe ikafanywa ya kutazamwa.

Maneno yenyewe hufanya vivyo hivyo. Bilauri limetujia kupitia Kiarabu, ambamo billauri ni fuwele, na ukoo wake hufika hadi jina la kito katika Kiyunani, jina ambalo Wajerumani nao walilifinyanga hadi likawa neno lao la miwani. Finjani, tunayonywea kahawa chungu barazani, ni Kiarabu kilichochukuliwa kutoka Kiajemi. Na huko Uajemi jina hilo lilikuwa pia la kibakuli chenye tundu dogo, kilichoelezwa juu ya maji ili kijae polepole na kuzama. Kila kilipozama, mhesabuji alijua kwamba zamu ya mkulima mmoja kufungulia maji shamba lake imesogea hatua moja. Saa ya kugawia maji ikawa kikombe cha kahawa, wala hapana anayelalamika kwamba tunakitumia visivyo. Sharti, hata hivyo, tujihadhari na ngano. Katika Ghuba na Iraki kibilauri cha chai huitwa istikani, na wengi husimulia kwamba jina hilo lilitokana na Waingereza waliosema kwa lugha yao "kopo la chai la mashariki". Hadithi tamu, lakini chanzo kinachokubalika zaidi ni neno la Kirusi la bilauri, stakan, lililopita Uajemi. Fununu za maneno na fununu za watu huenea kwa njia moja: huwa rahisi kukumbuka.

Na fununu ya babu je? Bilauri ya mvinyo humshuhudia aliyeitengeneza, haimshuhudii aliyeikuta. Nilihitaji kujua ilifikaje kabatini. Jibu lilikuwa chini ya vitako. Chini ya kimojawapo cha vile vitano, na chini ya kile cha macho, palikuwa na vipande vya karatasi vilivyogandishwa kwa gundi, vimepauka, vyote viwili vikiwa na nambari 41 kwa wino uleule. Nikampelekea halati. Alicheka kabla sijamaliza kusema.

Alikuwa na umri wa miaka tisa, akasema, mwaka wa Uhuru, 1963. Mzungu mmoja wa Kizingo alikuwa akirudi kwao na vitu vyake vikanadiwa. Babu alimchukua mnadani. Alichokitaka ni kasha la msaji, mbao nene zisizo na kifundo, ambalo alikuwa amelikarabati yeye mwenyewe miaka miwili nyuma akalitamani. Mnadi aliliuza pamoja na takataka zilizokuwamo ndani: sahani zilizopasuka, taa, vibilauri vimefungwa magazetini. Nambari 41 ilikuwa nambari ya kasha. Babu alilipasua kasha lile akaundia kabati. Kabati lenyewe ndilo hilo hilo ambalo vibilauri vilikaa ndani yake miaka yote. Ushahidi wa halati ungeweza kutiliwa shaka, kwa kuwa ni binti anayemtetea babake. Lakini karatasi hazina baba. Na ukitaka kuniambia kwamba mtu mwenye kiu ya mvinyo alikwenda mnadani akachagua vibilauri vitano visivyotimia nusu dazeni, viwili vya aiskrimu na kimoja cha kuoshea macho, itakubidi unieleze alikusudia kunywa vipi.

Halati alikuwa na kitu kingine. Nyanya alihiji mwaka 1983, na katika albamu mna picha iliyopigwa wiki aliporejea: amekaa sebuleni, amejifunga leso mpya, mbele yake sinia ya shaba, na juu ya sinia vibilauri vitano vyenye vikonyo. Wageni walikuwa wakimiminika kumpa mkono hajjati, na maji ya zamzam aliyokuja nayo yalikuwa dumu moja. Kwa vikombe vya kawaida yangekwisha kabla ya adhuhuri. Kwa mililita 25, mtaa mzima ulipata. Halati anakumbuka kwamba tangu hapo vile vitano havikutiwa kitu kingine isipokuwa zamzam, na kombe kwa mgonjwa, maandishi ya zafarani yakishaoshwa kwa marashi. Kile cha samawati nyanya alikitambua bila kuambiwa na mtu. Alikuwa na maradhi ya macho.

Nilimsomea mjomba matokeo yangu yote, kama nilivyoahidi, nikianza na hukumu iliyomuunga mkono. Alisikiliza hadi mwisho. Aliishika picha muda mrefu kuliko alivyozishika karatasi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kushindwa siku moja mara mbili, kwamba hata hivyo kuna suala la dini: zamzam kutiwa katika chombo cha mvinyo. Akaenda mwenyewe kwa sheikh wa mtaa, nami nikafuatana naye. Sheikh alimsikiliza kwa upole, akauliza swali moja tu, kama vyombo vimeoshwa.

"Tangu 1963," akajibu mjomba.

Vile vitano vilibaki kwa halati. Cha macho nilipewa mimi, kwa hoja kwamba wasomi huharibu macho yao. Viwili vizito alivichukua mjomba mwenyewe, jambo ambalo hapana aliyelitarajia. Nilipomtembelea Idi iliyopita vilikuwa mezani, vimejazwa aiskrimu ya embe, na wajukuu wake wawili walikuwa wakilalamika kwa sauti kubwa kwamba babu yao amewapunja.